Mwali Asiyegusa Chini

Ujumbe huu nimeletewa na shemeji yangu asubuhi nikichemsha chai. Hakuandika kautoa kwa nani. Nimeusoma mara mbili, chai ikafurika ikazima jiko, na bado sijapata nguvu ya kuufuta. Nakutumia wewe kwanza, na wewe unajua kwa nini nimekuchagua. Usome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzio.

Palikuwa na mji mmoja wa reli, na katika mji huo wanaume watu wazima waliugua ugonjwa wa baiskeli.

Sisemi kuziendesha. Hilo lingekuwa na faida. Waliugua kuzikusanya na kuonyeshana. Mmoja alikuwa nazo thelathini na moja, amezipanga sebuleni kwake mpaka wageni wanakaa barazani hata mvua ikinyesha. Mwingine alizipa majina ya wake zake, waliopo na walioondoka, na alizifuta vumbi kwa upole ambao wake wenyewe hawakupata kuuonja.

Walikuwa na chama, na chama kilikuwa na siku yake, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, kwenye kiwanja cha shule. Kila mwanachama alileta baiskeli moja katika zile ambazo hazijawahi kupandwa na mtu. Baiskeli ya namna hiyo waliiita mwali.

Mambo ya mwali unayajua. Binti akivunja ungo huwekwa ndani, haonekani, na siku ya kutolewa hubebwa mabegani kwa ngoma na vigelegele, mguu wake usiguse chini. Basi wale wanaume waliichukua mila ya kina mama wakaivisha vyuma. Baiskeli ilikaa chumbani mwaka mzima imefunikwa kanga. Siku yake ikifika, mwenyewe aliibeba begani mpaka uwanjani, akaikalisha juu ya mkeka. Hapo mwenyekiti alipitisha leso nyeupe kwenye tairi. Leso ikitoka na vumbi, hata chembe, mwali huyo ameharibika, na mwenye mwali atasemwa mpaka mwezi wa nane mwingine.

Katika chama hicho alikuwamo Mwinshehe, fundi reli mstaafu. Yeye alikuwa nazo ishirini na mbili, zote wali, hakuna hata moja iliyowahi kukaliwa. Mwenyewe alikwenda sokoni kwa miguu.

Hakuwa mtu mbaya. Nakwambia mapema, maana ukishamwona mbaya utajitoa kwenye hadithi, utasema haikuhusu.

Mama yake, Bi Chausiku, aliishi kijijini, kilomita kumi na moja kutoka mjini, pamoja na Semeni, dada yake Mwinshehe. Mwaka mmoja kisima chao kilikauka. Maji yakawa ya kufuatwa mbali, na Semeni akawa anabeba ndoo kichwani mara nne kwa siku mpaka shingo ikaanza kumuuma hata akiwa amelala. Bi Chausiku akajikongoja mpaka mjini kumwona mwanawe.

"Mwanangu, nipe baiskeli moja Semeni afungie madumu ya maji. Nipe ile mbovu kuliko zote."

"Hakuna mbovu, mama."

"Basi nipe nzuri."

"Nzuri ndizo wali, mama. Wali hawaguswi."

Bi Chausiku akazitazama zile baiskeli zilivyofunikwa, kila moja na kanga mpya kuliko aliyojifunga yeye.

"Mimi wali ninaoujua huliwa," akasema. "Huu wa kutazamwa ndio kwanza nauona leo."

Mwinshehe akacheka. Mama hakucheka. Akasimama mlangoni, akajifunga kanga yake vizuri, akasema taratibu, "Sikulaani, maana nimekuzaa mimi. Lakini radhi yangu nayo ni mwali. Itakaa ndani mpaka siku nitakayoitoa."

Akaondoka kwa miguu kama alivyokuja.

Uzito wa neno hilo nani asiyeujua? Kuna watu wamekosa kila kitu duniani na bado wanalala usingizi. Aliyekosa radhi ya mama, hata tonge humkwama.

Mwinshehe alikwenda kuyasimulia hayo chamani kama kichekesho. Lakini neno radhi lilikuwa zito kulitamka mbele ya watu, kwa hiyo aliliruka. Alisema tu, "Mama naye ana mwali wake ndani." Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akakisimulia tena na tena kwa muda wa miaka miwili, na kila mara kile kichekesho kilizidi kunenepa na lile neno likazidi kusahaulika.

Nyumbani kwake hakucheka. Alituma sukari, akatuma sabuni, akatuma doti ya kanga. Zamani mama yake akipokea kitu alimwombea dua ndefu mpaka simu ikatike. Sasa alijibu neno moja tu, "Nimepokea." Hilo lilimuuma Mwinshehe kuliko tusi, na hakuna alichokitamani kama kusikia tena mama yake akisema, "Niko radhi nawe, mwanangu."

Ikafika Jumamosi ya mwaka wa tatu. Mwinshehe alikuwa amemleta mwali wake wa thamani, mweusi, mwenye mistari ya dhahabu, tandiko la ngozi, dainamo, na kengele ambayo hata yeye mwenyewe alikuwa hajaipiga. Kibwana, mwenyekiti wao, akapitisha leso kwenye tairi, akaiinua juu. Nyeupe pe. Uwanja mzima ukapiga makofi na ngoma zikaanza.

Katikati ya ngoma hizo simu ikalia. Alikuwa Semeni.

"Kaka, mama hali yake..." Ngoma zikameza maneno. "...anakuita. Anasema mwali anatoka leo. Njoo upesi."

Mwinshehe akaziba sikio la pili. "Anasemaje?"

"Mwali anatoka leo. Njoo upesi, kaka."

Simu ikakatika. Mwinshehe akasimama pale ameshika kifua. Kwa miaka miwili alikuwa akisimulia kichekesho, na sasa kichwani mwake hakikubaki kingine ila hicho kichekesho. Akaelewa hivi: mama anaumwa, moyo wake umelainika, anataka aletewe yule mwali amwone kwa macho yake. Na mama aliyekubali kumwona mwali, amekwisha kusamehe.

Akawaambia wenzake, machozi yakimlengalenga. Mmoja wao, Lihami, mtu wa maneno machache, akasema, "Si umpande sasa hivi? Nusu saa na kidogo umefika."

Wakamtazama kama mtu aliyetukana msikitini.

"Mama mgonjwa anaomba mwali," akasema Kibwana, "unampelekea aliyekwisha kupandwa? Mpeleke kama alivyo."

Mwinshehe akaona ni kweli. Akaitia baiskeli begani, akashika njia.

Jua lilikuwa la utosi. Baiskeli ile ya chuma kizito haikuumbwa kubebwa, pedeli ilimchoma mbavuni kwa kila hatua. Alitembea haraka kadiri mzigo ulivyomruhusu. Alipochoka hakuwa na pa kuituliza, kwa kuwa mkeka alikuwa ameuacha uwanjani na njia yote ilikuwa vumbi. Akawa anahamisha bega tu, la kulia, la kushoto, tena la kulia.

Simu ikaanza kulia katika mfuko wa shati. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika fremu. Ikalia mpaka ikanyamaza, ikalia tena. Akajisemea moyoni, huyu Semeni ana papara, kwani sipo njiani? Ililia mara saba. Aliyeandika ujumbe huu amehesabu, ni mara saba.

Nyuma yake akatokea muuza mkaa anayerudi kijijini, baiskeli yake kuukuu, imefungwafungwa mipira, magunia matupu kwenye keria. Akapunguza mwendo.

"Pancha, mzee? Nina pampu na viraka."

"Sina pancha."

"Mnyororo?"

"Mnyororo mzima. Baiskeli yote nzima."

Muuza mkaa akaitazama baiskeli, akamtazama aliyeibeba. "Sasa mbona yeye ndiye aliyekupanda wewe?"

Mwinshehe akahamisha bega.

"Unakwenda wapi, mzee wangu?"

"Kwa mama. Anaumwa."

Muuza mkaa akaacha utani. Akashuka, akatoa magunia kwenye keria. "Panda nyuma hapa nikukimbize. Hiyo ilaze kwenye nyasi, nitaifuata mimi mwenyewe."

Nataka uijue saa hiyo vizuri, maana ndiyo mlango wa mwisho uliofunguliwa. Zilikuwa zimebaki kilomita sita. Mwinshehe akayatazama majani ya kando ya njia, mekundu kwa vumbi.

"Ahsante, ndugu yangu. Tangulia tu."

Muuza mkaa akapanda akaenda zake, akigeuka nyuma mara kwa mara mpaka akapotea kwenye kona.

Alipofika ilikuwa inakaribia saa kumi. Bega lilikuwa limechubuka, shati limeganda jasho, lakini tairi hazikuwa na chembe. Alianza kutabasamu alipoliona paa la nyumba. Kisha akaona kanga zimejaa uani, wanawake wamekaa chini, na hakuna aliyekuwa anasema.

Semeni akainuka akamjia.

"Mama yuko wapi? Nimemleta mwali."

"Mama ametutoka, kaka. Haijapita hata saa moja."

Mwinshehe akabaki amesimama na baiskeli begani. "Si alisema anataka kumwona mwali?"

"Mwali gani?" Semeni akamtazama kwa muda mrefu, hasira ikimjia, kisha ikaishia njiani kwa uchovu. "Kaka, alikuwa anasema radhi yake. Wewe ndiwe uliyeambiwa, mlangoni kwako. Alitaka kuitoa."

Hapo ndipo lile neno aliloliruka miaka miwili lilimrudia, zima, na sauti ya mama yake ndani yake. Baiskeli ikamponyoka begani, ikaangukia vumbini, na kengele yake ikalia mara moja.

"Hakukuachia neno?" akauliza. "Hata moja?"

Semeni akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilimwomba. Nilimwambia, mama, niachie mimi, nitamfikishia. Akakataa. Alipita muuza mkaa akasema amekukuta njiani na baiskeli nzima, haina pancha. Akasema umeibeba, tukadhani anatania. Tukamwambia mama kwamba unakuja na baiskeli. Akafurahi. Akasema, kama ana baiskeli basi hayuko mbali, nitamngoja nimwambie mwenyewe. Akaomba tumwinue akae. Akakaa anatazama mlango." Akavuta pumzi. "Alikungoja, kaka. Alikungoja mwendo wa mtu wa baiskeli, kisha akakuongezea mwingine kama huo."

Kutoka upande wa wanaume alikuja Mjomba Kondo, mkubwa wa ukoo. Hakuja kumlaumu mtu. Alikuwa na haraka ya maiti.

"Sanda iko mjini, na jua linakwenda," akasema. Akaiona baiskeli vumbini, akaiinua, akaibonyeza tairi kwa kidole gumba. "Ina upepo. Naichukua hii."

Hakuomba ruhusa. Akarusha mguu, akakaa kwenye lile tandiko la ngozi, akaondoka. Kabla jua halijazama alikuwa amekwenda mjini na kurudi, kilomita ishirini na mbili, na sanda imefungwa kwenye keria. Bi Chausiku akazikwa kesho yake asubuhi.

Baada ya arobaini Mwinshehe alizigawa baiskeli zote ishirini na mbili. Sasa kijiji kizima kinachota maji kwa baiskeli. Watu wanamwambia, mama yako ameridhika huko aliko. Huwaitikia tu, kwa adabu, lakini hajapata kuamini.

Siku moja alimwendea mama yake mdogo, ndugu wa tumbo moja na marehemu, akapiga magoti mbele yake.

"Mama mdogo, niambie wewe lile neno kwa niaba ya dada yako."

Yule mama akamshika kichwa, akalia naye sana. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nakupenda, na yangu nakupa. Lakini ya dada yangu alikwenda nayo. Hilo halina niaba."

Mwinshehe akainuka, akaaga, akarudi mjini kwa miguu.

Funzo: Kitu usichothubutu kukitumia siku unapoitwa na mzazi wako si mali yako, wewe ndiwe mali yake. Ukiitwa, nenda na ulichonacho, hata kikichafuka, kwa kuwa vumbi hufutika na radhi iliyozikwa haifukuliwi.