Matanga ya Bi Mwanakheri Ndani ya Benki

Palikuwa na meneja wa Benki ya Umma ya Kisimani Juu, jina lake Mselemu, tumbo mbele na tai juu ya tumbo. Posho za wazee wa mji mzima zilipitia mikononi mwake. Siku moja akatoa amri: kila mzee aje mwenyewe, aweke kidole gumba kwenye mashine. Mashine ikimsoma, yu hai, atalipwa. Isipomsoma, amekufa, na posho yake imekwisha. Wazee wakauliza, je, mashine ikikosea? Akasema mashine haikosei, wanaokosea ni watu.

Sasa Bi Mwanakheri alikuwa amesokota kamba za usumba miaka hamsini. Vidole vyake vilikuwa vimelika kama kipande cha sabuni, havina hata mstari mmoja. Akaweka gumba la kulia, mashine kimya. Akaweka la kushoto, ikaandika kwa herufi nyekundu: MAREHEMU. Karani akampa pole. Bi Mwanakheri, kwa mazoea, akaitikia, "Nimeshapoa."

Nyumbani aliishi na mtoto wa marehemu kaka yake, Faki, ambaye mtaa mzima ulimwita Faki Digrii. Shahada yake ilikuwa ya mambo ya benki, second class upper, na kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kuitazama ukutani, mahali ilipotundikwa kuziba ufa. Benki ya meneja Mselemu ilikuwa imemnyima kazi mara tisa. Alikula kwa shangazi, alilala kwa shangazi, na hata bando la kuombea kazi lilitoka kwenye posho ya shangazi. Kwa hiyo shangazi alipokufa kwenye mashine, aliyeanza kukonda ni msomi.

Faki akakasirika kisomi. Akaandika barua ya kurasa kumi na nne, kwa Kiingereza, yenye tanbihi chini ya kila ukurasa. Wiki mbili baadaye akaenda kuulizia. Akaikuta imekunjwa chini ya mguu wa meza ya karani, na meza iliyokuwa ikiyumba imetulia tuli. Akakiri moyoni kwamba hiyo ndiyo ajira ya kwanza elimu yake kuipata.

Mwezi wa tatu bila posho, dawa ya presha ya Bi Mwanakheri ikabaki vidonge vinne. Akavimwaga kiganjani, akavitazama, akamuuliza mpwa wake:

"Msomi wangu, kama mimi nimekufa, mbona matanga yangu siyaoni?"

Faki akaanza kumweleza kwamba policy ya benki, kwa mujibu wa utaratibu, halafu akanyamaza katikati. Akili ambayo chuo kilikuwa kimeilaza miaka minne ikafumbua jicho moja.

Siku ya kulipa posho, ukumbi wa benki umejaa, Faki akaingia na jamvi begani. Akalitandaza katikati ya sakafu. Nyuma yake wakaingia majirani, kina mama wamejitanda kanga, mtu kashika dele la kahawa, mtu kabeba sinia la halua inayochuruzika samli. Halua si chakula cha matangani, kila mtu anajua, ila Bi Mwanakheri alikuwa amesema msiba ni wake na chakula atachagua mwenyewe. Akakaa mwanzo wa jamvi, akawa anapokea mkono wa kila aliyekuja kumpa pole kwa kifo chake.

Meneja akatoka ofisini mbio, akauliza hiki ni kitu gani. Faki akamweleza kwa upole kwamba matanga hukaa kwa mfiwa, na kwa kuwa aliyetangaza kifo ni benki, basi mfiwa ni yeye. Hapo hapo foleni ikageuka, watu wakaanza kumshika mkono: pole, meneja, Mungu akupe subira. Nani atakataa mkono wa pole mbele za watu? Wala cha matangani hakikataliwi. Akapewa kipande cha halua, akala. Kitamu. Akala cha pili, akala na cha tatu. Faki hakumtazama usoni. Jicho lake lilikuwa kwenye kidole gumba.

"Haya, nimekula," akasema meneja. "Kunja jamvi lako. Marehemu wako yule pale anakunywa kahawa."

"Yupi?"

"Yule. Mwanakheri."

"Kwa hiyo unamwona, meneja?"

"Namwona kama ninavyokuona wewe."

"Basi mlipe."

"Macho yangu hayalipi. Inayolipa ni mashine, na mashine imesema amekufa."

"Na mashine haikosei."

"Haikosei."

"Hata kwa mtu mkubwa?"

"Kijana, mashine haijui mkubwa wala mdogo. Hata mimi kila asubuhi naingia kazini kwa gumba hili hili."

"With all due respect, meneja, mimi nimesomea benki miaka minne na kitu hiki sijapata kukiona kikifanya kazi. Tuoneshe wewe, watu hawa waondoke na imani."

"Muoneshe, baba," akasema Bi Mwanakheri kutoka jamvini. "Amesoma sana, haelewi upesi."

Watu wakacheka, na meneja naye akacheka. Akavuta mkono wa koti, akabonyeza gumba. Mashine kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu, samli ikatanda kioo kizima. Herufi nyekundu zikatoka. Karani, kwa mazoea ya kazi, akazisoma kwa sauti: marehemu. Kisha akampa bosi wake pole.

Faki akasogea kidogo, akapapasa nafasi iliyobaki jamvini, ubavuni mwa shangazi yake.

"Chagua, meneja. Ama mashine inakosea, umlipe shangazi miezi yake yote. Ama haikosei, uje ukae hapa, tukusomee na wewe kabla halua haijaisha."