Jiwe la Wote na Kisima cha Bi Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Aliyeandikwa?

Yupo!

Asiyeandikwa?

Yupo vilevile!

Haya, kaeni vizuri. Hapo kale wanyama walikuwa na jiwe kubwa, wakaliita Jiwe la Wote. Mwenye ukucha aandike anachokijua, mwenye macho asome bure, na ukiona uongo unafuta. Jambo zuri kabisa! Lakini ungelisoma jiwe zima ungedhani msitu ule haukuwahi kuwa na jike hata mmoja.

Mlinzi wa jiwe alikuwa Nyani dume, bonge la mnyama. Nani alimchagua? Hakuna. Alikaa tu pale juu, akazoea.

Siku moja Pimbi, kinyama kidogo cha mapangoni, alipanda na kucha zake. Kwaru-kwaru-kwaru! Akaandika: "Kisima cha bondeni kilichimbwa na Bi Siwema, mwaka wa ukame." Bi Siwema ni bibi yake. Alikuwa bado hai, kucha zimelika kwa kuchimba.

Nyani akatema mate kiganjani. Fyuu! Akafuta.

"Shahidi yuko wapi?"

"Bi Kanga na Bi Swala waliona."

"Shahidi lazima awe na jina jiweni. Hao hawamo."

"Basi niwaandike."

"Shahidi wao nani?"

Kesho yake Pimbi akaandika tena. Fyuu! Kesho kutwa tena. Fyuu! Kisha Nyani akaandika palepale, kwa herufi kubwa: KISIMA CHA NYANI.

Pimbi alirudi pangoni meno yakigongana kwa hasira.

"Achana naye, mjukuu wangu," bibi alisema.

"Siachi, bibi. Utajisoma ukiwa hai."

Asubuhi akapanda, adabu tele.

"Shikamoo, Mzee Nyani."

"Marahaba."

"Mzee, Simba ana mistari arobaini jiweni. Wewe una saba."

"Saba!" Nyani akaruka juu. "Niandike! Nijaze jiwe lote!"

"Ulimshinda Chui. Nani aliona?"

"Bi Swala."

"Hamo jiweni, mzee. Niache?"

"Mwandike!"

Kwaru-kwaru-kwaru!

"Ulizaliwa na meno yote. Nani aliona?"

"Mkunga, Bi Kanga. Mwandike!"

Kwaru-kwaru-kwaru!

"Mwaka wa ukame Tembo alianguka, Simba alianguka, wewe ulisimama. Nani aliona?"

Nyani akatanua kifua. "Bi Siwema! Alipomaliza kuchimba kisima chake, maji ya kwanza alinipa mimi. Mimi, si Simba!"

"Niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo! Usipunguze neno!"

Kwaru-kwaru-kwaru!

Nyani akawaita wanyama wote waje kusoma sifa zake. Walisoma, wakatazamana, wakaangua kicheko. Nyani akasoma naye. Ndipo akaona alichokisema. Akatema mate kiganjani, akainua mkono.

"Futa, mzee," alisema Pimbi. "Mfute Bi Kanga, basi hukuzaliwa. Mfute Bi Swala, basi Chui hukumshinda. Mfute bibi yangu, basi ukame ulikuua. Neno lisilo na shahidi hufutwa. Sheria yako hiyo."

Mkono ukabaki hewani.

"Na hili neno KISIMA CHA NYANI, shahidi wake nani?"

Bi Kanga akapaza sauti, Bi Swala akafuata, na wengine wote: "Shahidi! Shahidi! Shahidi!"

Pimbi akatema mate kiganjani, taratibu. Fyuu!

Bi Siwema alipandishwa juu mgongoni mwa Punda. Akaligusa jina lake kwa kucha zake zilizolika. "Ni mimi huyu?" akauliza. "Ni wewe, bibi." Akalia, na Pimbi akalia. Chini yao majike wa msitu mzima walikuwa wanapanda. Kwaru-kwaru-kwaru, kutwa nzima, na Nyani akaambiwa asogee, amekalia nafasi ya watu.

Fundisho la hadithi hii ni kwamba mwanamke mwenye adabu haandiki chochote, huwaachia wenye misuli. Kwa hiyo wewe binti uliyeshika simu hapo mbele, iweke chini mara moja.

Ukishamaliza kumwandika bibi yako.

Hadithi yangu imefika mwisho. Anayetaka kuifuta, alete shahidi!