Povu la Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa wakifua na kuanika kama sisi, Bi Kindi mjane aliishi na watoto wake watatu. Walikuwa na kapu moja la karanga, chakula chao cha masika yote.

Siku moja, hodi! Kifaru na Nyati hao mlangoni.

"Shemeji, tulikuwa marafiki wa marehemu," akasema Kifaru. "Tumekuja kukupa pole."

Pole gani? Marehemu ana miaka minne kaburini! Lakini mgeni hafukuzwi. Wakakaribishwa, wakala karanga, kafu! kafu! Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walifikisha siku ya tisa, na jembe wakalifanya la kujikunia mgongo. Kapu likabaki na kibaba kimoja tu. Watoto wakalia njaa, na mama yao roho ikamuuma.

Akawatazama wageni wake vizuri. Walikuwa wamegandwa na tope jekundu la kidimbwini tangu utotoni, wala hawajawahi kuoga.

Asubuhi akatoa uani beseni la maji, majivu, dodoki na sabuni.

Nyati akanusa majivu. Chyaa! Chyaa! "Pilipili hii?"

"Majivu hayo, shemeji. Yanakwangua masizi ya sufuria."

Kifaru alikuwa anatafuna dodoki. "Mkate wenu mkavu mno!"

"Si mkate! Ni la kusugulia vyombo!"

Kifaru akalitema, kachanganyikiwa. "Na hiki cheupe?"

Bi Kindi akashusha sauti. "Sabuni. Msiiguse! Ina mikono miwili. Mmoja unashika mafuta, wa pili unashika maji. Maji yakimwagwa, mafuta yanaburutwa."

"Mikono iko wapi?"

"Haionekani."

"Sasa inajuaje imshike nani?"

"Haijui. Ndiyo maana nawakataza."

Akachukua sufuria yenye mafuta, akaipaka povu, akaisuuza. Chwaa! Ikang'aa. Nyati akachungulia ndani, akachungulia chini.

"Mafuta yamekwenda wapi?"

"Yamekwenda zake."

"Mimi sielewi," akasema Nyati.

"Afadhali wewe," akasema Kifaru. "Mimi hata sijui nisichoelewa."

Mara Bi Kindi akajikwaa, kusudi. Povu lote, pwaa! juu ya mguu wa Kifaru.

"Maskini, shemeji! Ngoja nikufute!" Akaokota dodoki, kwaru! kwaru! Tope likaporomoka.

Kifaru akatazama chini. "Yalaa! Mguu wangu ni mwekundu! Huu wa kijivu wa nani?"

"Umeliwa, ndugu yangu! Umebaki mfupa!" akalia Nyati.

"Mbona hauumi?"

"Ndiyo ubaya wake!"

Bi Kindi akainua dodoki. "Bado mitatu. Au tuanze na shemeji Nyati?"

Hawakuaga. Nyati akatoka na mlango shingoni. Kifaru akakimbia kwa miguu mitatu, ule safi kaukunja asiupoteze njiani.

Watoto wakachungulia. "Mama, watarudi?"

"Wakirudi, sabuni ipo." Akaiweka kizingitini, akawagawia karanga.

Nanyi shikeni hili: asiyejua kitu kinavyofanya kazi, hukimbia hata kinachomfaa.