Upawa wa Upepo

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali sana, palikuwa na mji juu ya mlima uitwao Kisangaze, na Sultani wake akiitwa Jabiri bin Shekue. Katika ua wa jumba lake palikuwa na kisima, na kisima hicho hakikutoa maji, kilitoa mafuta. Mji mzima uliishi kwa mafuta hayo: ndiyo yaliyowasha taa, ndiyo yaliyozungusha kinu cha kusagia nafaka, ndiyo yaliyoendesha pampu ya kupandisha maji kutoka bondeni. Tena ilikuwa desturi tangu enzi ya babu yake kwamba kila Alhamisi alasiri watu hupanga foleni barazani na chupa zao, na Sultani mwenyewe huwapakulia kwa upawa wa kifuu. Mwenye chupa husema, "Nuru ya nyumba yangu yatoka mkononi mwako," kisha huongeza habari za mtaani: nani ameolewa, nani kateguka mguu, mbuzi wa nani amekula sabuni. Sultani aliipenda mno Alhamisi. Siku nyingine zote alikuwa na mawaziri tu.

Basi mafuta yakaanza kupungua. Ndoo iliyozoea kupanda imejaa ikawa yapanda nusu, kisha robo, kisha ikapanda na tope na ndara moja ya mguu wa kushoto. Waziri Hamdani, mtu mwaminifu aliyeamini kwamba kila kitu hutii kikiamriwa vizuri, akakisomea kisima amri ya kutoa mafuta. Kisima kisipotii, akakitoza faini. Faini isipolipwa, akakiweka kizuizini, na askari akasimama mlangoni pa ua ili kisitoroke. Sultani hakumcheka, maana yeye mwenyewe hakuwa na shauri lililo bora.

Ikawa Alhamisi moja foleni ni fupi, na Alhamisi iliyofuata ni fupi zaidi. Sultani akakaa na upawa mkononi, akitazama ua ulivyo mpana. Akauliza watu wamekwenda wapi. Akaambiwa kwamba kuna fukara mmoja, Faki Pangaboi, aliyetundika juu ya paa lake gurudumu la mabati, na kando yake vibao vya kunasa jua, na kwamba upepo ukivuma na jua likiwaka umeme hushuka kwa waya hadi ndani ya nyumba. Watu huenda kwake kusaga na kupiga pasi, na wengine wamekwisha kumwomba awafundishe. Waziri akasema huo ni uasi. Sultani hakusema ni nini, ila usiku ule hakula.

Faki akaletwa. Alikuwa mwembamba, kanzu yake ina viraka vingi kuliko kitambaa, naye akasalimu kwa adabu. Sultani akamuuliza umeme huo humgawia nani. Faki akajibu kwamba hamgawii mtu. Upepo hupita wenyewe. Akaulizwa hupimwa kwa kipimo gani. Akajibu kwamba haupimwi.

"Ewe Faki," akasema Sultani, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko ya hasira, "katika mji huu hakuna nuru iingiayo nyumba ya mtu pasipo kupita katika upawa huu. Ndiyo sheria ya babu yangu. Basi Alhamisi ijayo utauleta upepo wako hapa barazani, nami niupakue, kila mtu chupani mwake. Ukishindwa, gurudumu litashushwa, nawe utatoka Kisangaze usirudi."

"Maulana," akasema Faki, "nimesikia, na nitatii."

Mkewe Faki alipopata habari hakulia. Akaanza kufunga vyungu. Majirani wakaja kumuaga mapema, na mmoja, kwa haya, akauliza kama vile vibao vya jua wataviacha.

Alhamisi ikafika, na siku hiyo ua ulijaa pomoni, maana hata asiyehitaji nuru alitaka kuona. Faki akaingia akiviringisha pipa la bati, akalisimamisha mbele ya Sultani, akaondoa kifuniko. Waziri Hamdani akainama, akatia kichwa ndani, akakitoa.

"Maulana, ni tupu."

"Limejaa mpaka linamwagika," akasema Faki. "Mheshimiwa Waziri, kishike kilemba chako."

Maana kweli upepo wa mlimani ulikuwa ukivuma, na kilemba kilikwisha kufunguka nusu, kinapepea begani kama nguo iliyoanikwa. Watu wakatazama chini wasicheke. Waziri akasema kwa ukali kwamba haoni kitu humo, wala upawa hautachota kitu, basi mtu huyu ameshindwa na afukuzwe.

Faki akapiga goti. "Maulana, nihukumu kwa haki. Kama upawa utachota upepo, basi sheria ya babu yako imetimia, nami sina kosa. Na kama upawa hautachota kitu, basi na juu ya paa langu hamna kitu, maana ni kile kile. Nami nikifukuzwa kwa kuwa sina kitu, mmechelewa; mngenifukuza siku niliyozaliwa."

Sultani akautazama upawa, akalitazama pipa. Kisha akachovya. Aliyekuwa wa kwanza katika foleni alikuwa Bi Mwatime, kikongwe asiyeona vizuri, akakinga chupa yake kama alivyozoea, na Sultani akammiminia kwa upole, asimwage. Bibi akaipima uzito mkononi.

"Leo umenijazia vizuri, mwanangu. Nuru ya nyumba yangu yatoka mkononi mwako. Yule mjukuu wangu amejifungua salama, mtoto ana masikio kama ya Waziri."

Hapo Sultani akacheka. Akacheka hata upawa ukamwanguka, akauokota, akaendelea kupakua, na kila mtu akaondoka na chupa ya upepo na habari zake amezisema. Hadi Waziri akapanga foleni.

Walipobaki wawili, Sultani akamuuliza Faki kweli kweli: "Je, upepo huu utatutosha?"

"Sijui, Maulana. Taa utawasha, kinu utazungusha, maji utapandisha. Siku upepo ukilala na wingu likatanda, tutakaa na kungoja. Lakini hata wenye mafuta walingoja Alhamisi." Akasita. "Na gurudumu nalo lina haja yake. Ekseli ikikauka hulia usiku kucha na kuamsha mtaa. Yataka tone la mafuta, na tone lazima lipelekwe mpaka juu ya paa."

"Kisima bado kina matone," akasema Sultani.

Basi kisima kikatolewa kizuizini, na Faki akapewa joho na kazi ya kufundisha mji kutengeneza magurudumu. Na yeyote aliyepita mtaa wa kina Bi Mwatime baada ya hapo aliweza kumwona Sultani wa Kisangaze juu ya ngazi, joho limekunjwa kiunoni na kijiko cha mafuta mdomoni, akipapasa ekseli, na chini kikongwe ameishika ngazi kwa mikono miwili akimwambia ashuke upesi, uji unapoa, tena asikanyage mihogo yake iliyoanikwa.