Picha ya Thelathini na Sita

Sogeeni karibu, na anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii nitauliza swali na sitaki kuona mtu anaangalia dari.

Walikuwapo watu watatu wasiojuana. Mzee Chaula, fundi saa wa Makete, alijua kusema "hili siliwezi," na hicho ni kipaji adimu kwa sisi wanaume. Yuditha, nesi wa Iringa, alikuwa na mkono mtulivu, hata mtoto akichomwa sindano hashtuki. Na Bi Mwamvita, muuza mitumba wa Mbeya, alikuwa na mdomo. Mdomo tu, lakini mdomo hasa.

Walikutana siku moja pale Daraja la Mungu, lile la mwamba mtupu juu ya mto, Rungwe, zamani kidogo, simu zilipokuwa za kupigia tu. Hapo ndipo Mzee Ambilikile alipowapiga picha wageni kwa miaka thelathini. Sharti lake lilikuwa moja: kamera haiazimwi, kama mswaki. Basi mkewe, Bi Subilaga, aliolewa na mpiga picha akakaa bila picha hata moja ya wote wawili. Siku ya harusi yenyewe, bwana harusi alishika kamera akampiga picha bibi harusi peke yake kando ya keki! Bi Subilaga alilitaja jambo hilo kila mwaka, na kila mwaka mzee alijibu kwamba kesho ipo.

Kesho ikaja na presha ya macho. Daktari alisema jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafuata. Mzee akanunua mkanda wa mwisho, akawapigia wageni picha thelathini na tano, akabakiza moja. Jumapili akampeleka mkewe darajani. Bi Subilaga alivaa kitenge cha sikukuu, na moyoni alikuwa na hofu kwamba asipoipata leo hataipata tena.

Mzee alimkabidhi kamera mgeni wa kwanza aliyemwona ana sura ya utulivu, naye ni Mzee Chaula. Chaula akaigeuza, akachungulia kidirisha cha namba, akaona imebaki moja. Kisha akatazama vidole vyake, ambavyo mwaka ule vilikuwa vimeanza kutetemeka hata akafunga duka. Angeweza kubonyeza, akashukuriwa, akajiendea zake. Picha ingekuja kusafishwa yeye yuko kwao Makete, nani angemfuata? Hakufanya hivyo. Alisema mbele ya watu kwamba mkono wake haufai, akaangaza macho, akamwita dada mmoja aliyekuwa akiwamenyea wenzake machungwa, kila ganda likitoka zima bila kukatika.

Dada huyo ndiye Yuditha. Alipoambiwa imebaki moja, aliegemea jiwe, akabana viwiko, akasubiri. Akasubiri kweli, kwa sababu mwenye kamera hakutulia. Kila akisimama kando ya mkewe, mzee anachomoka: shusha kidogo, jua liko wapi, usitukate miguu, toa kidole hapo. Jamani, ukishampa mtu kamera yako, mwache afanye! Lakini mzee alikuwa amewapanga watu miaka thelathini, kupangwa hakukujua. Wenzake Yuditha walikwisha panda gari na walikuwa wanamwita. Hakuondoka, wala hakubonyeza ili mradi. Bi Subilaga naye alikuwa amenuna, machozi yako karibu.

Hapo Bi Mwamvita, aliyekuwa anajipitia na mfuko wake, akashindwa kuvumilia.

"Shikamoo baba. Hiyo kamera umeshaiazima, sasa si yako. Cha kwako ni huyu mama. Mshike mkono kabla na yeye hajaazimwa."

Mzee akarudi kwenye nafasi yake. Akamshika mkewe mkono. Bi Subilaga akaangua kicheko, mzee akageuka kumtazama, na Yuditha akabonyeza. Mkanda ukawa umekwisha.

Wageni wote watatu waliandika anwani zao kwenye daftari la mzee, na nakala zikawafikia. Picha ilitoka safi: mama anacheka, baba anamtazama yeye, kamera ameisahau kabisa.

Macho yakazimika, na mwaka wa tatu mzee mwenyewe akafariki. Siku chache kabla, alimwambia mkewe, "Kamera yangu usiiuze, wala usiifungie kabatini. Mpe aliyetupiga picha ile." Bi Subilaga akaitikia. Hakuuliza ni nani, kwa sababu wakati ule alidhani anajua.

Siku ya kuanua matanga wote watatu walikuja, na Bi Subilaga akautaja wosia. Mzee Chaula alisema hajipigii debe, lakini angeona haya kusema mkono wake haufai siku ile, leo picha iliyo ukutani ingekuwa ukungu mtupu. Yuditha akasema, kwa heshima zote za wazee, kwamba aliyepiga ni aliyepiga, na kidole kilichobonyeza ni hiki hapa.

"Ungebonyeza nini, mwanangu?" akauliza Bi Mwamvita. "Mzee anakimbia, mama kanuna?"

Watu wakacheka msibani. Bi Subilaga alicheka nao, kisha akalia, maana ndicho kicheko kile kile. Mwanawe mkubwa akashauri ipigwe kura. Bi Subilaga alikataa; kura haina shukrani, alisema, na mzee hakuagiza bahati.

Basi kamera iko kwenye paja lake, ndani ya mkoba wa ngozi uliochakaa. Watatu wamekaa mkekani mbele yake, hakuna mwongo kati yao. Amemwahidi mtu ambaye yeye hawezi kumwuliza tena.

Ninyi wa siku hizi mnampa mpita njia simu awapige picha, halafu mnamnyang'anya haraka kuangalia kama mmependeza, na jina lake hamlijui. Kwenu ni rahisi. Bi Subilaga anawajua wote kwa majina, na mkono lazima aunyooshe kwa mmoja.

Haya, wewe uliyekuwa unasinzia pale, anza wewe: ungemkabidhi nani?