Bi Nguchiro na Mafuriko ya Barua Zenye Virusi

Hapo zamani za kale, na msiniulize kale gani maana kompyuta zilikuwepo, wanyama wa Bondeni walitegemea kisima kimoja. Pampu yake iliendeshwa na kompyuta ya ofisi ya kijiji. Kompyuta ikiugua, pampu inazima, na mwaka huo mto ulikuwa umekauka. Wewe wa nyuma, acha kutafuna, sikiliza.

Fundi wa kompyuta alikuwa Bi Nguchiro, mama wa watoto wadogo, mdogo wa mwili lakini mwepesi wa akili.

Basi zikaanza kumiminika barua pepe zenye virusi, asubuhi mpaka jioni. Kila moja imepambwa: "Kwa Mheshimiwa Sana Kiboko, fungua kiambatisho uone tuzo yako."

Mnadhani Mwenyekiti Kiboko aliziacha? Alibofya. Kompyuta ikakoroma, krrr, ikazima. Pampu nayo, zii. Bi Nguchiro akaitengeneza. Kesho yake akabofya Kifaru, naye ameitwa Mheshimiwa. Ikatengenezwa tena, akabofya Tembo kwa mkonga.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema Bi Nguchiro. "Barua hizi zina virusi. Niruhusu nizifute."

"Marahaba. Ufute barua zangu? Mtu kaniita Mheshimiwa Sana, halafu nimdharau?"

"Watoto hawana maji, Mwenyekiti."

"Wanywe polepole. Na ukifuta hata moja, kazi huna."

Polepole nini, na ndoo tupu? Bi Nguchiro alirudi nyumbani akamkuta kitinda mimba wake analamba sufuria kavu. Alilia, siwafichi. Kisha hasira zikampanda, akajiuliza: hawa wakubwa hufungua kila kitu, ni kitu gani hawajawahi kukifungua? Akacheka peke yake.

Asubuhi akaiagiza kompyuta: barua yoyote ngeni yenye kiambatisho isifutwe, ila ibadilishwe kichwa, kisomeke hivi: "Mwito wa kazi ya kijiji. Tunachimba choo cha shule. Njoo na jembe lako."

Kiboko akaingia, akaketi, kiti kikalia kwaa.

"Nguchiro, hizi ni nini?"

"Barua zako, Mwenyekiti. Zote zipo. Nikufungulie?"

"Ziache, ziache. Leo mgongo unanisumbua."

Kifaru akachungulia, mara akakumbuka ana msiba ng'ambo. Tembo hata mlangoni hakufika. Alisikia neno jembe, akageuza, tu, tu, tu, kwake.

Pampu ikanguruma wiki nzima. Watoto wakanywa, wakaoga, wakarushiana maji.

Kwenye mkutano wa kijiji Kiboko akasimama kujisifu. "Mmeona maji? Ni kwa sababu mimi na wenzangu Kifaru na Tembo tunasoma barua zetu zote, tena kwa makini."

"Kweli kabisa, Mwenyekiti," akasema Bi Nguchiro. "Basi waambie wananchi, kile choo cha shule mnaanza kukichimba lini?"

Kiboko akawageukia Kifaru na Tembo. Aseme hakuzisoma? Aseme alizisoma akakwepa kazi? Digidigi akaanza kucheka kwa pua, na mkutano mzima ukafuata.

"Leo," akasema Kiboko kwa sauti ndogo.

Wakaletewa majembe. Wakachimba wakubwa watatu juani, pu, pu, pu, huku watoto wa Bi Nguchiro wakiwapelekea maji ya kunywa.

Basi wanangu, barua ikikusifu kabla hata haijakusalimu, usiifungue.