Nyenje Amtafutia Kiboko Nafasi Jukwaani

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa tumbo, ghala likakonda. Pakawa sauti, mwenye sauti haonekani. Mlio nyuma sogeeni, mlio mbele acheni kutafuna, niwape ngano hii ingali ya moto.

— Tupe!

Zamani hizo, katika bonde la mto Kisuvi, wanyama hawakuwa na ngoma. Wapigaji wa kale walikuwa wamezeeka, na vijana hawakujua hata kushika kijiti. Bibi arusi aliingia kwa mumewe kimya kimya, kama mwizi wa kuku. Aibu iliyoje!

Malkia Tembo akasema, "Haiwezekani. Kila mwenye shamba alete kidogo. Tujaze ghala moja, vijana wale humo wakati wanajifunza kuimba, kucheza na kuigiza. Mwenye kipaji asiiache ngoma kwa sababu ya njaa."

Wakaleta. Ndizi, mihogo, karanga, maboga, mitungi ya asali. Ghala likajaa mpaka mlango ukagoma kufunga. Mwalimu Kobe, aliyeijua michezo yote ya bondeni, akakubali kufundisha. Haya, na ghala alilinde nani?

"Mimi," akasema Kiboko, akapiga mwayo. Waaaah! Wanyama wakautazama ule mdomo, wakakubali wote. Akawa Mwenyekiti wa Ufadhili, wa kuamua nani ana kipaji cha kulishwa.

Chura akaja na ngoma yake. Du-du-ndu! Du-du-ndu! Kiboko akafumba macho, akasikiliza, akasema, "Bado. Nenda, tutakuita." Chura akaenda. Kiboko akala mkungu wa ndizi. Kwapu!

Kanga akaja na miguu yake. Chaka-chaka! Chaka-chaka! Kiboko akafumba macho, ngoma ya miguu akaisikiliza kwa masikio, akasema, "Bado. Nenda, tutakuita." Kanga akaenda. Kiboko akala gunia la karanga. Kwapu!

Ndipo akaja Nyenje. Nyenje alikuwa mdogo kuliko kucha ya Kanga, lakini ana sauti ya kupasua chungu. Mama yake alikuwa amemwambia, "Kuimba hakujazi tumbo, mwanangu. Ufadhili ukikushinda, rudi tuchimbe mashimo." Kuchimba mashimo ndiyo kazi ya ukoo wao, na Nyenje aliichukia mno. Akaimba kwa nguvu zake zote. Nyiiii! Nyiiii!

"Nani anaimba?" akauliza Kiboko, akitazama juu ya paa. "Simwoni. Basi na asiyeonekana, bado. Aende, tutamwita." Akala boga zima na kikonyo chake. Kwapu!

Wakangoja kuitwa. Wapi! Ghala likakonda, Kiboko akanenepa. Siku moja Chura akazimia katikati ya mdundo, du-du... puu! Mwalimu Kobe akatikisa kichwa. "Siwezi kufundisha wanafunzi wanaodondoka kama mapapai," akasema. "Wiki hii ikiisha narudi kwetu."

Nyenje akalia. Akalia sana, halafu akagundua kwamba hata kilio chake kina sauti nzuri, akanyamaza, akafikiri, akamnong'oneza Mwalimu Kobe.

Asubuhi akaenda ghalani, akarukia sikio la Kiboko.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Ni mimi, asiyeonekana. Tunatayarisha mchezo wa kuigiza, na Malkia mwenyewe atakuja kuutazama. Lakini kuna nafasi moja imetushinda. Tumemjaribu Kanga, mwembamba. Tumemjaribu Chura, hatoshi. Inataka mwenye mwili."

Kiboko akavuta tumbo ndani, kisha akaona ujinga, akaliachia. "Nafasi gani hiyo?"

"Ya mkubwa wa mchezo. Wote wanamzunguka yeye. Wote wanamtaja yeye. Wote wanamlilia yeye. Na yeye hasemi hata neno."

"Mkubwa gani asiyesema?"

"Mwenyekiti! Wakubwa husema? Wakubwa husemwa."

Kiboko akaona kweli. "Haya, anaitwa nani huyo mkubwa?"

"Maiti."

Kiboko akanuna kidogo. "Na chakula?"

"Msiba bila chakula umeuona wapi? Kitapikwa palepale jukwaani, watu waamini. Tutakiazima humu ghalani."

"Kitarudi?"

"Kitakachobaki chote kitarudi, Mwenyekiti. Naapa."

Basi Kiboko akaanza mafunzo. Mwalimu Kobe akamlaza chali, akamzunguka polepole.

"Maiti haipepei masikio," akasema Kobe.

Masikio yakatulia. Tumbo likanguruma, guru-guru-guru!

"Maiti haina njaa."

Tumbo likatulia. Mkia ukaanza, na mkia wa kiboko ukianza mnajua unachomwaga. Puru-puru-puru! Kobe akaingiza kichwa ndani, akasema akiwa humohumo, "Maiti haifanyi hivyo kabisa!"

Lakini Kiboko akajitahidi. Siku zilivyokwenda akaweza kulala hata nzi atue puani. Akaanza kutembea kwa madaha, akiwaambia vijana, "Sanaa hutoka moyoni. Mimi nilizaliwa nayo."

Siku ya onyesho bonde zima likafurika. Malkia Tembo akaketi mbele. Kiboko akabebwa na nyati, wakitweta, akalazwa katikati. Nyenje akajificha sikioni mwake. Vyungu vikainjikwa, asali ikachuruzika, harufu ikapanda. Mmmh!

"Marehemu alipenda vijana!" akaimba Kanga.

"Aliwapenda!" wakaitikia wote.

"Marehemu hakula peke yake!"

"Hakula!"

Kiboko akafurahi, maana hakuwa amewahi kusifiwa vile. Kisha akasikia vinywa vikitafuna. Akafungua jicho kidogo.

"Nyenje," akanong'ona. "Ndizi zinakwisha."

"Nyamaza, Mwenyekiti. Malkia anakutazama wewe tu."

Akalifumba jicho. Wanafunzi wakala mpaka mikanda ikakatika. Halafu Mwalimu Kobe akasimama, akatangaza, "Marehemu ameacha wasia! Alisema, kila mwanafunzi achukue akiba ya kumtosha mpaka aive katika kazi yake!"

"Wasia upi?" akanong'ona Kiboko. "Mimi sijasema!"

"Maiti hubishana na wasia wake?" akasema Nyenje. "Tulia. Malkia analia machozi."

Chura akatoka na gunia la karanga mgongoni. Kanga akatoka na mihogo. Kiboko naye likamtoka chozi, bwii, likatengeneza dimbwi. Watazamaji wakashangaa: "Maiti inalia!"

"Ni jasho la mauti," akasema Kobe.

Kisha akapita mtoto wa Kanga akilibingirisha boga la mwisho. Hapo Kiboko hakuweza tena. Akainuka, jukwaa likapasuka, kra-a-ach!

"BOGA LANGU!"

Nyenje akabaki ananing'inia kwenye unywele mmoja wa sikio, akijua kwamba Kiboko akigeuza kichwa tu, yeye ni uji. Akavuta pumzi, akapiga ukelele mkubwa kuliko siku zote za maisha yake: "Nyiiii! Marehemu amefufuka! Mchezo umekwisha!"

Lo! Vifijo, nderemo, vigelegele! Malkia Tembo akasimama, akainua mkonga.

"Nimeona waigizaji," akasema, "lakini aliyekufa vile na kufufuka vile sijamwona. Kipaji hiki kuozea ghalani ni dhambi! Kuanzia leo Kiboko si mlinzi tena. Nampa ufadhili, akawe mwanafunzi wa Mwalimu Kobe. Na ghala apewe Nyenje. Yeye hata akishiba, nani atajua?"

Kiboko akataka kukataa, lakini makofi yalikuwa matamu. Akainama kwa heshima. Kisha akamsogelea Kobe.

"Mwalimu, mwanafunzi anakula nini?"

"Bakuli moja asubuhi, bakuli moja jioni."

"Bakuli kubwa?"

"La kobe," akasema Kobe.

Basi, watoto, mmelipata funzo? Wahenga walisema, mwenye subira hula mbivu. Kiboko alisubiri kuliko wote, akalala kimya, hakujikuna, na hakuonja hata ganda. Kwa hiyo nanyi muwe na subira vivyo hivyo, hasa chakula kikiletwa, mimi nitaanza.

Ngano imechoka, naiketisha hapa. Mwenye mgongo aibebe aende nayo kwao. Mimi nabaki na chungu.